Kumi na Wanne Waliovunja Masharti

Kambini, 22 Februari

Mdogo wangu Bi Maswali,

Salamu nyingi. Mimi mzima kabisa, kazi nzito lakini mwili umezoea.

Nimepata barua ya mama, ile aliyokuandikisha na kuweka dole gumba chini. Anasema kila asubuhi kabla hujaenda kazini unambandua chachi kwenye kile kidonda cha kisigino kama mtu anayechuna ngozi ya mnyama. Anasema analia mpaka jirani anagonga ukuta. Miezi mitano sasa. Niliisoma nikiwa nakula, nikasogeza sahani.

Sasa nisikilize, na usinikatize kama kawaida yako.

Hapa tunapojenga ukuta wa bwawa, zege ikimwagika inaingia kwenye buti. Saruji mbichi haiumi saa ile. Inakula ngozi taratibu wewe ukiendelea na kazi, jioni ukivua soksi unavua na nyama. Karibu kila mtu hapa ana kidonda mguuni. Mwaka jana zahanati ya kambi ikafanya utafiti. Yule mganga wetu, tunayemwita Plasta, alichukua watu sitini. Thelathini walioshwa vidonda kila siku kama unavyomfanyia mama. Thelathini wakabandikwa bandeji mpya, nene, ya rangi ya udongo, inayokaa siku saba bila kufunguliwa. Siku saba, mdogo wangu! Hakuna kubandua, hakuna kulia.

Matokeo wameyachapa kwenye kijitabu cha kurasa nane. Nimekiomba ofisini, nakutumia. Maneno mengi yamenishinda, unajua niliishia darasa la sita, lakini ukurasa wa tano nimeupigia mstari. Walioshwa kila siku: ishirini na tisa, wakapona ishirini na wanne. Wa siku saba: kumi na sita, wakapona kumi na watano. Hesabu hiyo hata mimi naiweza.

Soma, halafu uanze Jumatatu. Mama apumzike, na wewe upumzike.

Mwambie mama kile cheo cha dirishani bado ninacho. Sishiki tena zege, nakaa stoo natoa kofia na buti. Simu hapa bondeni haishiki hata ukipanda juu ya tangi, kwa hiyo andika. Lori la vyakula linabeba barua kila Alhamisi.

Kaka yako,
Nondo


Nyumbani, 12 Machi

Kaka Nondo,

Sisi hatujambo kiasi. Mama anakusalimu na anaendelea kutangaza cheo chako mtaa mzima. Juzi kamwambia muuza mkaa kwamba wewe sasa ndiye unayeamua nani avae kofia.

Kuhusu kijitabu chako: sikuanza Jumatatu. Wala Jumatatu iliyofuata. Na kabla hujakunja uso, jua kwamba kwa sababu yako nimejikuta kwenye matatizo makubwa.

Wodini kwetu kila Jumatano tunakaa kwenye chumba cha mashuka, tunasoma utafiti mmoja. Hatuusomi kwa kuusifu. Tunauuliza maswali mpaka utoe jasho, ndipo tuseme kama tubadilishe namna ya kuwahudumia wagonjwa au tuuache. Mimi kwa ujinga wangu nikapeleka cha kwako. Matroni akaona maneno “mara moja kwa wiki”, macho yakamng’aa. Tuna wagonjwa wa vidonda thelathini na wanane na wauguzi wanne. Akasema, “Hiki ndicho nilichokuwa nakililia.” Akanipa mimi kazi ya kukichambua na kutoa maoni Jumatano ya tarehe kumi na tisa mwezi ujao. Tayari ameanza kuulizia wapi zinapatikana bandeji hizo.

Basi nimekisoma, kaka. Nimekisoma nikiwa kwenye foleni, nikiwa nachemsha vifaa, mpaka mama kaniuliza kama ni barua ya mchumba. Na kila nikisoma nakasirika zaidi.

Nani aliamua mtu fulani abandikwe siku saba na fulani aoshwe kila siku? Hawakusema. Nani alipima vidonda mwishoni? Hawakusema. Kama ni yule yule Plasta aliyebandika, basi alikuwa anajisahihishia mtihani wake mwenyewe. Bandeji zilitoka wapi? Ukurasa wa mwisho wanamshukuru mtengenezaji kwa “msaada wake wa hali na mali”. Sawa! Na ninyi ni wanaume wenye nguvu, mmeunguzwa na saruji. Mama ana miaka sitini na nane na kisukari, kisigino chake kinauma katikati tu, pembeni hakisikii hata nikikigusa. Ni miguu miwili tofauti kabisa.

Lakini kilichoninyima raha ni kile ulichokipigia mstari. Thelathini walibandikwa. Wamehesabiwa kumi na sita. Wale kumi na wanne wako wapi? Nimewatafuta kijitabu kizima. Nimewakuta chini ya jedwali, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani: “waliondolewa kwa kuvunja masharti”. Masharti gani? Waliyavunjaje? Walikufa? Walihama? Karibu nusu ya watu, kaka, na hakuna hata sentensi nzima juu yao.

Wewe uko hapo hapo. Waulize.

Ingawa najua sharti hilo la siku saba lingekushinda wewe mwenyewe. Mtoto aliyekuwa akibandua magamba ya vidonda kabla hayajakauka, mpaka mama akamfunga vitambaa mikononi! Ungewekewa bandeji ya siku saba ungeifungua kabla ya jua kuzama.

Mdogo wako


Kambini, 20 Machi

Bi Maswali,

Mimi mzima.

Nilikuomba bandeji, umenifungulia kesi. Hivi huko chuoni walikufundisha kutibu au kuhoji? Mama analia kila siku, dawa nimekuletea mpaka mkononi, wewe unauliza aliyeshika rula ni nani. Watu wanapona hapa! Nimewaona kwa macho yangu. Kuna mmoja tunamwita Twiga, mguu wake ulikuwa kama umepitishwa kwenye moto. Kabandikwa wiki tatu mfululizo, leo anapanda ngazi akiwa na mfuko wa saruji begani. Nikuchoree picha?

Haya, nakujibu ili uniache. Nani alichagua? Nyapara. Plasta alileta bahasha za kupigia kura, lakini nyapara akasema hana muda wa bahasha, yeye anataka watu kazini. Akawapanga mwenyewe. Waliokuwa wanalalamika sana na kukimbilia zahanati kila siku akawapa ya siku saba, ili wasimsumbue. Wapole akawaacha waoshwe. Nani alipima? Plasta. Sasa ulitaka apime nani, mpishi? Na ndiyo, alijua nani kabandikwa nini, bandeji ni ya rangi ya udongo na ni kubwa kama soli, ungeifichaje?

Nikiandika haya naona unatingisha kichwa. Tingisha tu.

Hao kumi na wanne hawana habari yoyote. Walifungua bandeji. Sharti lilikuwa moja tu, usifungue kabla ya siku ya saba, wao wakafungua. Mtu ukimpa dawa akaitupa, utasema dawa ni mbaya? Plasta aliwaambia wazi, “Mmejiharibia wenyewe, na mmeniharibia hesabu.” Akawafuta. Ni haki yake. Watu wasio na subira hawawezi kutuharibia kitu kizuri sisi wengine.

Na yale ya magamba ungeweza kuyaacha. Nilikuwa na miaka saba.

Mama si kama mimi. Mama ana subira, ukimwambia siku saba atakaa siku saba. Kuna kifurushi chake nimempa dereva, kitambaa cha kujifunga. Mpe mwenyewe, usikifungue, ni zawadi.

Nondo


Nyumbani, 31 Machi

Kaka,

Nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya friji, maana nikikaa nitaongea maneno ambayo mama atayasikia.

Zawadi. Kitambaa cha kujifunga! Nimetoka leo kwenye semina ya siku tatu, nimeingia mlangoni, nikaona mama amekaa kitini amevaa hicho kitambaa, anatabasamu kama bibi harusi. Nikamwambia anyooshe mguu niuoshe. Akaurudisha chini ya kiti. Nikapiga magoti, nikauvuta. Kisiginoni kuna bandeji ya rangi ya udongo, kubwa kama soli.

Zilikuwa tatu ndani ya kitambaa, na kikaratasi chenye mwandiko wako. Jirani kamsomea. Jirani huyo huyo anayegonga ukuta ndiye aliyembandika, Jumanne, nilipotoka tu. Hakuosha vizuri, hakupima sukari, kabandika kama mtu anayeziba pancha.

Nikasema naibandua. Mama akasema, “Utanikata mguu kwanza.” Nikamweleza kwamba sina uhakika na bandeji hii. Akanijibu, “Mwanangu ameinunulia jasho, kaipitisha milima yote ile, wewe unaleta mambo ya madaftari. Wewe unataka nilie tu.” Kaka, mimi ninayeamka kabla ya watu wote nimkande mguu, naambiwa nataka alie! Wewe uliyetuma kikaratasi ndiye mtoto mwema.

Nimechoka na ninyi wote wawili. Nimechoka na matroni pia, maana leo kaniambia ameshaandika orodha ya watakaoanza, na kwamba maoni yangu “yawe mafupi”.

Sasa nakuuliza swali moja, na safari hii usinichekeshe na mpishi wala Twiga. Wale kumi na wanne unasema walifungua bandeji, kwa hiyo vidonda vikaharibika. Una hakika ndivyo ilivyokuwa? Au vidonda viliharibika kwanza, vikauma, vikanuka, ndipo wakafungua?

Ni kipi kilitangulia? Hilo tu. Kwa sababu kama kuharibika kulitangulia, basi hawakuvunja sharti lolote. Waliona moto, wakafungua mlango. Na Plasta kawafuta watu wote ambao bandeji iliwashinda, kawaacha waliopona, halafu kahesabu waliopona. Kwa mtindo huo hata mimi nikipaka watu tope nitaponya kumi na watano kati ya kumi na sita.

Leo ni siku ya nne ya mama. Niambie ukweli.

Mdogo wako


Kambini, 6 Aprili, dereva ananingoja, injini inawaka

Bandua. Bandua leo, usingoje barua nyingine. Mama akikataa mwambie mimi nimesema. Mwambie nimeapa.

Nimehesabu kwa vidole, siku saba zimepita tangu juzi. Hii itakufikia umechelewa. Siwezi kukimbia kuliko lori.

Kuharibika kulitangulia.

N.


Kambini, 9 Aprili

Mdogo wangu,

Safari hii siandiki kwamba mimi mzima.

Nimekaa stoo, dirisha nimelifunga, nimewaambia watu buti zimekwisha. Wamenitukana, wamekwenda. Nataka niandike yote kwa mkupuo, maana nikisimama katikati sitarudi.

Mimi nilikuwemo. Ni mmoja wa wale kumi na wanne. Kwenye daftari la Plasta nilikuwa namba ishirini na mbili, wa siku saba. Nyapara alinipa hiyo kwa sababu ya mdomo wangu, unaujua.

Siku mbili za kwanza nilikuwa nafurahi. Mguu mkavu, hakuna foleni ya zahanati. Siku ya tatu ukaanza kupwita ndani, kama una moyo wake peke yake. Nikamwambia Plasta. Akasema ni dalili ya kupona, vumilia. Siku ya nne kulikuwa na harufu. Wenzangu wa chumbani wakageuza vitanda, vichwa upande wa pili. Plasta akasema bandeji hizo zina harufu yake, imeandikwa hivyo kwenye boksi. Siku ya tano nilikuwa natetemeka juani, nikakaa chini ya ngazi, nikafungua. Sitakueleza nilichokiona. Wewe unaviona kila siku.

Nilipokwenda zahanati kitu cha kwanza alichoangalia Plasta si mguu, ni bandeji mkononi mwangu. Akasema, “Nani kakuruhusu?” Akachukua kalamu, akapiga mstari kwenye namba yangu. Alisema ningevumilia siku mbili tu ningepona, nimeharibu mwenyewe. Nikaamini. Mdogo wangu, niliamini mia kwa mia! Maisha yangu yote nimeambiwa mikono yangu haitulii. Nilipokuwa nimelala kwenye lori kupelekwa hospitali ya mjini nilikuwa naiangalia hii mikono na kuichukia.

Walinikata vidole viwili vya mguu wa kushoto, kidogo na kinachofuata. Ndiyo sababu nikaletwa dirishani. Hakuna cheo. Mtu asiyeweza kusimama kwenye zege anapewa kofia agawe. Niliwaandikia cheo kwa sababu mama alikuwa ameanza kuumwa na sikutaka kumwongezea mguu mwingine wa kuulilia.

Utauliza, basi kwa nini nikamtumia mama? Nimejiuliza siku tatu hizi. Kwa sababu nilijua kosa ni langu. Kama kosa ni langu, bandeji ni nzuri. Niliona kumi na watano wakipona, na mimi nikaona nimekosa kitu kizuri kwa upumbavu wangu, angalau mama asikikose. Mama ana subira. Ndivyo nilivyofikiri. Mpaka ukaniuliza kipi kilitangulia, nikatoka dirishani kwenda kuwauliza wengine, wale waliobaki hapa kambini. Tuko watano. Mmoja anafagia, mmoja analinda geti, wawili wako jikoni wanamenya viazi wamekaa. Kabla ya hapo hatukuwahi kuzungumza jambo hili. Kila mtu alikuwa na aibu yake. Nikamuuliza kila mmoja peke yake: uliifungua ikaharibika, au iliharibika ukafungua? Wote wanne wamenijibu kabla sijamaliza swali. Yule wa geti akaniuliza, “Na wewe pia? Nilidhani ni mimi tu nisiye na subira.”

Mtu akipona, bandeji imemponya. Asipopona, kavunja masharti. Hivyo bandeji haiwezi kushindwa hata siku moja. Nimekaa miezi yote hii karibu na jambo hilo bila kuliona, na wewe umeliona ukiwa kwenye foleni.

Waliobaki sijui walipo, walirudi makwao. Lakini sisi watano tupo. Msomee matroni wako kama itakusaidia. Usimsomee mama. Hilo nakuomba kama kaka.

Na kama mguu wa mama umeharibika, usinifiche. Niambie kama ulivyozoea, bila kunipoza.

Nondo, aliyekuwa namba ishirini na mbili


Nyumbani, 20 Aprili

Kaka yangu,

Mguu wa mama upo.

Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa vizuri. Niliibandua Jumamosi asubuhi, siku ya tano, kabla hata barua yangu haijatoka mjini. Sikungoja jibu lako. Mama alinipiga na mwiko, alama iko begani. Chini ya bandeji ngozi ilikuwa imelowa, nyeupe kama karatasi iliyosahauliwa mvuani, na pembeni usaha ulikuwa umeanza. Nimeosha mara mbili kwa siku tangu hapo, daktari kaongeza dawa. Leo kidonda ni chekundu, safi. Ungefika siku ya saba sijui ningekuwa nakuandikia nini.

Kwa hiyo si barua yako iliyouokoa mguu, usijipe sifa. Ni ubishi wangu. Lakini ngoja nikueleze ilichofanya barua yako.

Jana Jumatano chumba cha mashuka kilijaa. Nikachukua kifuniko cha boksi, nikachora jedwali lao upya, nikawarudisha wale kumi na wanne mahali pao, na yule mmoja aliyefutwa kwenye kundi la kuoshwa nikamrudisha pia. Sasa ikasomeka hivi: walioshwa kila siku, thelathini, wamepona ishirini na wanne. Wa siku saba, thelathini, wamepona kumi na watano. Halafu nikasoma ukurasa mmoja wa barua yako. Sikusema ni ya nani, lakini sauti ilinisaliti.

Mwenzangu mmoja, mkali wa hoja, akanyoosha mkono. Akasema, “Dada, pole sana. Lakini barua ya kaka si utafiti. Watu watano waliobaki kambini si ushahidi.” Nilitaka kumrushia shuka. Halafu nikaona amesema kweli, ndiyo kazi tuliyokaa kuifanya. Nikamjibu, “Barua msiiamini mkitaka. Kifuniko cha boksi kiaminini. Namba ni zao wenyewe, mimi nimewarudisha watu tu.”

Matroni akaangalia kifuniko, akaangalia orodha yake ya kuanzia. Kisha akavuta pumzi kama mtu anayenyanyua ndoo. “Kwa hiyo tunaendelea kuosha watu thelathini na wanane kila siku.” Nikasema ndiyo, matroni. Akasema, “Na wauguzi ni wale wale wanne.” Nikasema ndiyo. Akaikunja orodha, akaitia mfukoni, akasema, “Mungu akuongezee mikono minne mingine, maana Jumatatu zamu ya kuosha inaanza na wewe.” Lakini jioni nimemkuta anaandika barua kwa zahanati yenu, anataka waeleze habari za kila mmoja wa wale kumi na wanne. Ameandika “kila mmoja” na kupiga mstari.

Sasa la mama. Sikumsomea, nakuapia. Nilikuwa nasoma peke yangu mezani, yeye ananiangalia. Mama hajui kusoma karatasi, lakini uso wangu anausoma bila miwani. Akasema, “Kuna nini na mguu wake?” Kaka, alisema mguu. Sijui alijuaje. Nikajaribu kumzungusha, akaninyang’anya barua na kuikalia. Nikamweleza.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Yeye akaniambia nichukue kalamu. Ninachoandika ukurasa wa pili ni maneno yake, ametaka yaende kama yalivyo.

Mdogo wako


Mwanangu,

Mimi ni mama yako, mkono ni wa dada yako.

Nimewaambia majirani wote umepandishwa cheo. Wote! Hata yule wa ng’ambo ya barabara nisiyeongea naye, nilimtumia mtu akamwambie. Sasa umeniacha na kazi ya kuzunguka tena na mguu huu mbovu kwenda kufuta. Sitafuta. Wakiuliza nitawaambia mwanangu anatoa kofia, na kofia ni kitu cha maana.

Dada yako ananiosha kila asubuhi na jioni. Inauma vile vile. Nimemwambia nitapiga kelele kama kawaida, asijali, na jirani agonge ukuta wake mpaka uanguke.

Ulikuwa unabandua magamba, ni kweli, na mimi nikakufunga vitambaa mikononi. Dada yako alipokuwa ananieleza nilikumbuka jambo. Kidonda cha goti, ulikuwa na miaka saba, ulikibandua nikakuchapa. Kesho yake nikakikuta kina mwiba ndani. Nilikuwa nimekuosha juu juu, sikuuona. Mikono yako iliujua. Sikukuambia, kwa sababu nilikuwa nimeshakuchapa. Nakuambia leo.

Siku ulipozaliwa mkunga alikuwa na haraka ya kwenda kwa mwingine, akasema mtoto mzima, akaondoka. Sikumwamini. Nilikufunua mwenyewe nikakuhesabu vidole, mikononi kumi, miguuni kumi. Nikarudia mara tatu.

Omba ruhusa uje. Usilete kitambaa. Utakaa kwenye kile kiti changu, utavua soksi, nami nitahesabu tena. Vikiwa vinane nitasema vinane. Lakini huyo mwenye kalamu ya kukufuta asinikute nyumbani.

Mama yako
(dole gumba)